Seneti ya Kenya na Kile Inachokilinda: Historia Fupi ya Bunge la Mabaraza Mawili

Baraza la pili katika bunge hutetewa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba baraza lililochaguliwa kwa kufuata wingi wa watu huelekea kuzisahau sehemu zenye watu wachache. Kwa hiyo hufaa pawepo baraza jingine ambamo sehemu zote zina sauti sawa. Ya pili ni kwamba sheria inayopita katika mikono miwili hukaguliwa mara mbili. Nchini Kenya hoja hizi zilikubaliwa mara mbili, katika katiba ya 1963 na katika ile ya 2010, na kila mara Seneti iliundwa. Seneti ya kwanza haikutimiza hata miaka minne. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza kwa nini baraza lililokingwa kwa masharti magumu hivyo lilikufa mapema, na kwa nini mrithi wake, aliyezungukwa na mipaka mingi, angali hai. Mahali pa kupimia jambo hili ni Kiboko, kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi katika nchi kame ya Ukambani, ambapo utafiti wa mazao yanayostahimili ukame umefanywa kwa miaka mingi.

Katiba ya 1963 ilitokana na mabishano ya Lancaster House, mjini London. Chama cha KADU, kilichohofia kumezwa na makabila makubwa, kilidai serikali za majimbo. Chama cha KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. Suluhu ilikuwa bunge la mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117 vya kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, pamoja na viti 12 vya wajumbe maalumu. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi. Seneta alipewa muda wa miaka sita, theluthi ya maseneta wakiondoka kila baada ya miaka miwili. Spika wake alikuwa Timothy Chokwe, na yule wa Baraza la Wawakilishi Humphrey Slade.

Wakati huo Kiboko ilikuwa katika wilaya ya Machakos. Kitui ilikuwa wilaya ya peke yake. Mfugaji wa Kiboko na mkulima wa kahawa wa Kangundo, ambao haja zao zilitofautiana kama mvua zao, walikuwa na seneta mmoja. Usawa wa wilaya haukuwa usawa wa wenyeji ndani ya wilaya, na huo ndio mpaka wa kwanza wa baraza la aina hii.

Mpaka wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa miswada ya kawaida uwezo wa Seneti ulikuwa wa kuchelewesha, si wa kuua. Nguvu yake ya kweli ilikuwa katika mabadiliko ya katiba: vifungu vilivyokingwa zaidi, vikiwemo vile vya majimbo, havikuweza kuguswa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. Ilidhaniwa kwamba ukuta huo haupandiki. Hata hivyo ukuta haukupandwa, ulifunguliwa kutoka ndani. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na wajumbe wake wakajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na mamlaka ya majimbo yakaanza kupukutika. Katika 1965 kiwango cha kubadili katiba kilishushwa hadi asilimia 65 katika kila baraza. Kufikia mwisho wa 1966 Seneti ilikubali kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Yakakatwa maeneo mapya 41 ya uchaguzi, na maseneta 41 wakawa wabunge wa kawaida. Jumla ya viti vya kuchaguliwa ikawa 158. Mlinzi hakuuawa, alipewa kiti kingine, akaondoka langoni.

Maelezo ya kwamba maseneta walijali viti vyao yana ukweli, lakini hayatoshi. Seneti iliwekwa ilinde majimbo, na majimbo yalikuwa yamekwisha kunyimwa fedha na kazi. Mwenyeji wa Kiboko hakuwa na zahanati wala barabara aliyoweza kuiita ya jimbo, ambayo ingemfanya aulize seneta wake amekwenda wapi. Lugha yenyewe inashuhudia. Neno majimbo liligeuka kuwa shutuma, likimaanisha ukabila na kufukuzana. Na umbo lake la umoja, jimbo, likabaki kutaja eneo la mbunge mmoja. Ndiyo sababu katiba ya 2010 ilipogawa tena madaraka, neno lililoenea halikuwa majimbo bali ugatuzi.

Chini ya katiba hiyo, Makueni, iliyokuwa imetengwa na Machakos katika 1992, ikawa kaunti, na Kiboko ikapata seneta wa kaunti yake tangu uchaguzi wa Machi 2013. Seneti ya sasa ina maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa kupitia vyama: wanawake 16, vijana 2 na watu wenye ulemavu 2. Katika mambo ya kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja. Lamu ni sawa na Nairobi.

Mipaka yake ni dhahiri. Mswada wa fedha huanzia katika Bunge la Kitaifa peke yake, na mawaziri huidhinishwa huko huko. Katika 2013 Mswada wa Mgawanyo wa Mapato ulipelekwa kwa Rais bila ridhaa ya Seneti. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikatoa rai kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Katika 2020 maseneta walivutana kwa vikao vingi juu ya kanuni ya kugawia kaunti fedha, kwa kuwa kanuni iliyoegemea idadi ya watu ingezipunguzia kaunti kame zenye watu wachache. Walikubaliana Septemba 17, baada ya kuahidiwa kwamba fungu la kaunti zote lingeongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Seneti iliweza kuzuia. Haikuweza kuzizalisha fedha zenyewe.

Makueni yenyewe ilitoa mtihani mwingine. Baada ya ugomvi mkali kati ya gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti, tume iliundwa kuchunguza kama serikali ya kaunti isimamishwe. Katiba inataka hatua hiyo iidhinishwe na Seneti. Lakini katika 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha, na suala likaishia hapo.

Tofauti ya Seneti mbili basi haiko katika ugumu wa masharti. Seneti ya 1963 ilikuwa na asilimia 90 na haikuwa na kitu hai cha kulinda. Ya sasa ina mabishano yasiyokwisha na Bunge la Kitaifa, lakini nyuma yake zipo kaunti zenye bajeti, zahanati na wafanyakazi, na wananchi wanaojua watapoteza nini. Siku kaunti zitakaponyimwa fedha hadi zikabaki majina, hakuna kiwango cha kura kitakachoiokoa Seneti.