Beji za Kijeshi za Bandia na Ushahidi wa Tarehe

Mwaka 1920 Jeshi la Uingereza lilikubali rasmi kwamba vikosi viwili vya Wales viandike majina yao kwa tahajia ya kale, "Welch", badala ya "Welsh". Jambo hili laonekana dogo, kwani ni herufi moja tu iliyobadilika. Walakini kwa mkusanyaji wa beji za kijeshi herufi hiyo ni kama tarehe iliyochorwa juu ya shaba. Akija mchuuzi na beji ya kofia ya Royal Welch Fusiliers yenye tahajia hiyo mpya, akasema kwamba iliokotwa katika uwanja wa vita wa Somme mwaka 1916, beji yenyewe yamshtaki kabla mnunuzi hajatia mkono mfukoni. Huenda beji ni halali, ya miaka ya 1930, na hadithi ndiyo ya uwongo. Huenda pia vyote viwili ni vya uwongo.

Mwanagenzi katika kazi hii aghalabu hudhani kwamba ujuzi wote umo katika madini. Hununua kioo cha kukuzia, akaipima beji kwa mizani, akatazama rangi ya shaba, akausugua ukingo kwa kidole. Hayo yote yana faida, na yatatajwa. Lakini mwenye kughushi naye anacho kioo na mizani, na shaba yapatikana kila mahali. Kitu kilicho adimu kwake ni kujua mambo ya kale kwa utaratibu wake. Njia ya mwongo ni fupi, na katika beji ufupi huo ni wa tarehe. Ndivyo alivyofanya Lorenzo Valla huko Italia mwaka 1440, alipoichunguza hati iliyodaiwa kuwa ni ya Mfalme Konstantino: hakuishughulikia karatasi wala wino, bali alionyesha kwamba maneno ya hati hayakuwa ya wakati wa Konstantino.

Yafaa basi kuanza na historia. Beji ya chuma ya kofia, kama ijulikanavyo leo, ilienea miongoni mwa askari wa Uingereza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, yapata mwaka 1897. Kabla ya hapo palikuwa na mabamba ya kofia ndefu, na alama za vikosi vilivyojulikana kwa nambari mpaka mabadiliko makubwa ya mwaka 1881, vilipopewa majina ya mikoa. Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Kwa hiyo beji ya kofia yenye taji la Victoria ilitengenezwa kwa miaka michache tu, nayo ni adimu. Na kila kilicho adimu humwita mwenye kughushi.

Taji ndilo shahidi wa kwanza wa kuulizwa. Chini ya Victoria matao yake yalikuwa mapana mabegani. Kuanzia Edward wa Saba mpaka kufariki kwa George wa Sita mwaka 1952, taji lilikuwa la mviringo kama kuba. Alipotawala Elizabeth wa Pili matao yakainama katikati. Wanagenzi wengi hulichanganya taji la Elizabeth na la Victoria, kwa kuwa yote mawili huitwa taji la malkia, na kosa hili limewagharimu watu fedha nyingi. Ikionekana beji ya Connaught Rangers, kikosi cha Ireland kilichovunjwa mwaka 1922, nayo ina taji la Elizabeth, hapana haja ya kioo wala mizani. Vivyo hivyo kwa Royal Flying Corps, iliyoundwa mwaka 1912 na kumezwa na jeshi jipya la anga tarehe 1 Aprili 1918: haikupata kuwa chini ya malkia yeyote. Na mtego mwingine umekwisha tegwa kwa wajao, kwa maana Mfalme Charles wa Tatu alichagua mwaka 2022 taji la kuba. Beji mpya na halali za leo zitafanana katika jambo hilo na zile za babu zao.

Baada ya tarehe, mkono wa fundi. Beji nyingi za kawaida zilipigwa kwa chapa ya chuma kigumu: bamba jembamba la shaba liliwekwa, chapa ikashuka kwa nguvu, na kila kilichoinuka mbele kikaacha shimo nyuma. Kwa sababu hiyo mgongo wa beji iliyopigwa ni kama uso wake uliogeuzwa. Mwenye kughushi asiye na chapa huichukua beji halali, akaitia katika udongo au mpira apate kalibu, kisha akasubu nyingine. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa, na kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko asili yake. Tena uso wake huwa na vitundu vidogo, na mahali palipotakiwa kuwa wazi, kama kati ya nyuzi za kinubi, huonekana alama za tupa. Ulimi wa nyuma, unaochomekwa katika kofia, utazamwe pia: ulimi wa kale ulitiwa lehemu kwa uangalifu, nao huwa umesuguliwa na miaka ya kuingia na kutoka katika kitambaa. Beji ambayo uso wake umechakaa kama wa mzee na ulimi wake ni mpya kama wa mtoto haina budi kuulizwa habari zake.

Lakini hapa ndipo elimu ya mwanagenzi hupata taabu. Vikosi vingi viliunganishwa kuanzia mwaka 1958, na baadhi ya chapa za kale zikabaki viwandani au zikauzwa. Baadaye zikapigwa tena beji kwa ajili ya soko la wakusanyaji. Chapa ni ileile, shaba ni ya namna ileile. Je, hiyo ni beji ya bandia? Wafanya biashara wengine husema sivyo, kwa kuwa umbo ni halali. Hoja hiyo ni dhaifu. Beji ya kijeshi haikuwa umbo tu; ilikuwa ahadi kati ya askari na kikosi chake, na kipande kilichopigwa baada ya kikosi kufa hakikupata kuvaliwa na mtu aliyeapa. Kikiuzwa kwa jina lake cha kweli, yaani marudio, hapana ubaya. Kikinyamaziwa, ni uwongo hata kama kila mstari wake ni sahihi.

Kwa upande wa pili, kuna vilivyo halali vyenye sura ya bandia. Mwaka 1916, kwa ajili ya kubana matumizi ya madini vitani, beji zilizokuwa za rangi mbili zilitengenezwa kwa shaba ya manjano peke yake, na mwanagenzi huzitupa akidhani fundi alikosea. Katika Vita Vikuu vya Pili baadhi zilifanywa kwa plastiki. Alama za kwanza za Special Air Service, kikosi kilichoanzishwa Misri mwaka 1941, zilishonwa kwa uzi na mafundi cherehani wa Cairo, wala hazikulingana moja na nyingine. Leo alama ya kikosi hicho ni miongoni mwa zinazoghushiwa mno, na nyingi za bandia zina unadhifu ambao mafundi wale hawakuwa nao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa majeshi yaliyoacha maandishi machache. King's African Rifles, iliyoanza mwaka 1902, ilikuwa na maelfu ya askari wa Afrika Mashariki na Nyasaland ambao hawakuandika vitabu vya kumbukumbu zao. Tanganyika Rifles iliishi kwa muda mfupi zaidi: iliundwa kwa uhuru wa Desemba 1961, ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Kwa familia nyingi kilichobaki cha babu ni picha moja, karatasi ya kuachishwa kazi, na kipande cha chuma sandukuni. Mara nyingi mnunuzi hutaka kile kipande tu, na karatasi huachwa ziliwe na mchwa. Kuanzia siku hiyo beji halali ya askari aliyekwenda Burma yalala mezani kwa mchuuzi pamoja na nakala zake, na hapana awezaye kusema ilikuwa kofiani mwa nani.