Kuni za Kubanikia Sangara

Mtu anayeanza kubanika samaki nyumbani huanza na habari za jiko. Nami nilianza hivyo mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha kando ya Ziwa Victoria. Nilikata pipa, nikatandika wavu wa chuma juu yake, nikadhani kazi imekwisha. Mwaloni nikachagua sangara mkubwa kuliko wote siku ile, wa kilo kumi na zaidi. Kuni nikaziokota bure kwa fundi seremala: vipande vya msonobari. Walimu tunapenda vya bure.

Mafuta ya samaki yalidondoka motoni, moto ukaruka. Jioni ngozi ilikuwa imeungua, nyama ya ndani mbichi, na juu yake masizi machungu kama mwarobaini.

Kesho yake nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akibanika pale mwaloni. "Shikamoo mama." Akaitikia, akasikiliza kisa changu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, hizo ni kuni za kuchomea tofali."

Kutoka kwake ndiko nilikojifunza. Msonobari una utomvu, na utomvu ukiungua hutoa masizi yanayong'ang'ania samaki. Mkaratusi humwachia harufu ya dawa ya kifua. Mnyaa usiuguse kabisa, maana utomvu wake huumiza macho. Tafuta mpera, mwembe au mgunga, uliokauka vizuri. Na samaki wa kujifunzia awe mdogo: sato, au sangara asiyezidi kilo moja, apasuliwe, atiwe chumvi, aachwe upeponi mpaka ngozi yake isinate mkononi. Kwanza moto wa kumwivisha, kisha upunguzwe, ufunikwe, moshi umkaushe taratibu.

Msomaji atauliza, mtu wa ziwani alikosaje kuyajua haya? Kamongo na kambale walibanikwa tangu zamani, lakini hiyo ilikuwa kazi ya wachache. Nyumbani kwetu kitoweo kilikuwa furu. Mama yangu aliwaanika juani, juu ya mawe, wala hakuhitaji ukuni hata mmoja. Sangara hakuwamo ziwani. Alitolewa Ziwa Albert, akapandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili samaki wadogo "wasio na faida" wageuzwe kuwa samaki wakubwa wa kuuzwa. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Miaka ya 1980 akajaa kila mahali, na furu wakatoweka kwa haraka ya kutisha. Aina nyingi hazijaonekana tena. Hapana shaka aliyeandika neno "faida" hakumuuliza mwanamke yeyote mwenye mawe ya kuanikia.

Sangara mkubwa ana mafuta mengi, na juani huoza kabla hajakauka. Sharti akaangwe au abanikwe. Kwa hiyo alipokuja yeye, kuni nazo zikaanza kutafutwa. Tulikata migunga ya karibu, kisha ya mbali. Nchini Ghana, karibu na mwaka 1970, lilikuwa limekwisha buniwa jiko la Chorkor, lililopewa jina la kitongoji cha wavuvi cha Accra. Trei zake hupangwa moja juu ya nyingine, moshi ukapita katika zote, na kuni chache zikabanika samaki wengi. Kijijini kwetu sikuliona. Sisi tulikuwa na mapipa.

Jaribio langu la pili lilifaulu. Nilikata matawi ya mpera uliokuwa nyuma ya nyumba ya mama, nikayakausha wiki kadhaa, nikabanika sangara wadogo wanne. Walitoka na rangi ya kahawia, wananukia. Nikampelekea mama sahani kwa majivuno ya mtoto aliyefaulu mtihani. Aliionja nyama, akakubali kuwa ni tamu. Halafu akautazama mpera.

"Mwanangu, samaki huyu amekula furu wangu. Sasa anakula na miti yangu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesomea ualimu chuoni, nikafundishwa kupanda miti na kufuga kuku kwa ajili ya Elimu ya Kujitegemea, na sikuwa na jibu. Mwaka ule nilipanda mipera sita uani pa shule. Minne ilishika.

Mama hakuniomba tena sangara, ingawa nikimpelekea alikula. Mawe yake ya kuanikia aliendelea kuyafagia, akawa anaanika dagaa.