Kutoka Keria Hadi Usukani: Wanawake na Baiskeli Kwenye Miteremko ya Meru

Mabibi harusi wengi hutuuliza waende wapi fungate, maana pwani wameizoea tangu utotoni. Arusha hutajwa sana: baridi yake, migomba yake, Mlima Meru wenye mita 4,566, na siku hizi baiskeli za milimani. Hapo ndipo swali hufuata, mara nyingi kwa sauti ya chini: hivi mwanamke wa Kiislamu apande baiskeli, tena mlimani, watu wakimwona?

Tumeona tulijibu kwa historia. Wengi wetu tunadhani marufuku hii ni ya dini au ya maumbile, na ukiifuata nyuma unakuta ni habari ya nani alikuwa na pesa.

Mji wa Arusha ulikua kando ya boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900, na reli kutoka Moshi ikafika Desemba 1929. Baiskeli katika miaka hiyo ilikuwa chombo cha karani, mwalimu, polisi na mfanyabiashara, na wote hao walikuwa wanaume. Baadaye mkulima wa kahawa naye akaipata. Sasa tazameni mpangilio wa kihamba cha Mmeru: mbuni ulikuwa wa baba, na pesa ya kahawa ikaingia mfukoni kwa baba. Ndizi zilikuwa za mama, nazo zilikwenda sokoni Tengeru juu ya kichwa cha mama. Baiskeli iliyonunuliwa kwa pesa ya kahawa ikawa ya baba, na mwenye mzigo akaendelea kutembea.

Mambo haya hayakuwa ya Meru peke yake. Huko Makete, kusini mwa nchi, katika miaka ya 1980 wataalamu walifuatilia nani anabeba nini vijijini. Wakakuta sehemu kubwa ya mizigo ya kaya, maji, kuni, mazao, ilibebwa na wanawake kwa miguu. Aliyehitaji magurudumu zaidi ndiye asiyekuwa nayo.

Si kwamba mwanamke hakukaribia baiskeli kabisa. Alikaribishwa nyuma, kwenye keria, akae upande, miguu pamoja, mkono mmoja ukishika siti. Hata neno bodaboda, lililozaliwa mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, lilianza na baiskeli: mwanamume anakanyaga pedali, abiria yuko nyuma. Bibi zetu wamesafiri maili nyingi hivyo, pengine na mtoto mgongoni, juu ya barabara za mawe. Anayejua kukaa juu ya keria bila kuanguka mteremkoni ana mizani kuliko wengi wanaoshika usukani. Hakuna aliyesema kuwa kukaa pale kunamvunjia heshima. Aibu ilianza pale tu alipotaka kuendesha mwenyewe.

Na nguo je? Baibui huingia kwenye cheni, hilo kweli, na fremu ya baiskeli ya mizigo ina bomba la juu linalomlazimisha mtu kupandisha mguu juu sana. Lakini tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa zamani. Baiskeli yenye umbo tunalolijua leo ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, na haukupita muda mrefu mafundi wakatengeneza ya kike: bomba limeshushwa, cheni imefunikwa, gurudumu la nyuma limefungwa wavu ili sketi ndefu isinaswe. Wanawake wa Ulaya wa wakati huo walivaa nguo zinazofika chini kama sisi. Kwa hiyo ufundi wa kumstiri mpanda baiskeli una umri wa zaidi ya miaka 100. Kilichojaa huku kwetu ni ile yenye bomba la juu, kwa sababu mnunuzi alikuwa baba.

Wala msidhani wenzetu waliachiwa kwa urahisi. Katika miaka ya 1890 madaktari wa Uingereza na Marekani waliandika kwamba baiskeli itamharibu mwanamke uso, ibaki imekakamaa, na itamvuruga tumbo la uzazi. Mwaka 1894 mama wa watoto watatu, Annie Kopchovsky, aliyejulikana kama Annie Londonderry, aliondoka Boston kuizunguka dunia na baiskeli yake. Sehemu kubwa ya safari alipanda meli, tuseme ukweli. Mwaka uliofuata akarejea, na uso wake ukiwa ule ule.

Baiskeli ya milimani yenyewe ni mtoto wa juzi. Ilianzia Kaunti ya Marin, California, vijana walipokuwa wakishusha baiskeli kuukuu kwenye njia za vumbi, na mwaka 1976 wakaanzisha mashindano yaliyoitwa Repack, kwa sababu breki za nyuma zilichemka hadi grisi ikaungua na kila mara ilibidi kuijaza upya. Wanawake walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Wende Cragg, ndiye aliyepiga picha nyingi za siku zile. Mwingine wa baadaye kidogo, bingwa Jacquie Phelan, aliona wanawake wanakimbizwa na majigambo ya wanaume, akaunda chama cha wanawake cha baiskeli za milimani na chai. Ndiyo, chai. Wakutane, wapande taratibu, wafundishane, wanywe chai. Sisi tunaosoma habari hiyo huku visiwani tunajiuliza kama kuna mpango unaotufaa kuliko huo. Mwaka 1996 mchezo uliingia Olimpiki kule Atlanta, wanawake na wanaume kwa pamoja, na dhahabu ya kwanza ya wanawake ikachukuliwa na Paola Pezzo wa Italia.

Tuje kwenye dini, kwa sababu ndipo wengi mnaposimama. Wanawake wa zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, walipanda wanyama wa safari, na hadithi sahihi imewasifu wanawake wa Kikureshi kwa kuwataja kuwa wapanda ngamia. Ummu Haram bint Milhan alivuka bahari hadi kisiwa cha Cyprus na kufa huko baada ya kuanguka kutoka kwa mnyama wake. Kaburi lake linazuriwa Larnaca mpaka leo. Masharti ya stara, ya ruhusa na ya usalama wa safari yako palepale, na kila mmoja amuulize shekhe anayemwamini. Tunachosema ni kwamba mwanamke kupanda chombo si uzushi wa Wazungu.

Liko na neno jingine, lile ambalo makungwi husema kwa kunong'ona: kwamba baiskeli humharibu mwari, na usiku wa harusi itakuwa fedheha. Hili tunalisema waziwazi, maana limewaliza wasichana. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha ubikira, na kwamba kupima hivyo hakuna msingi wa kisayansi. Mwili wa kila msichana umeumbwa tofauti. Damu si ushahidi, na kutokuwepo kwake si ushahidi. Mama anayemzuia binti baiskeli kwa sababu hii anamlinda na kitu kisichokuwepo, kisha anampa mumewe mizani ya uongo ya kumhukumia.

Mambo yanabadilika, ingawa kwa mwendo wa kupanda mlima. Saudia iliruhusu wanawake kuendesha baiskeli kwenye bustani mwaka 2013, kwa masharti ya stara na mahram. Masomah Ali Zada, aliyeanza kupanda baiskeli Kabul huku akirushiwa mawe, alishindana Tokyo mwaka 2021 katika timu ya wakimbizi, hijabu ikiwa chini ya helmeti. Karibu zaidi nasi, Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda mwaka 2015 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kushindana katika ubingwa wa dunia wa barabarani, na miaka 10 baadaye, Septemba 2025, ubingwa huo ukaletwa Kigali, mara ya kwanza katika bara letu.

Na Arusha? Njia zipo tele: kuzunguka Ziwa Duluti karibu na Tengeru, vijiji vya Ng'iresi na Ilkiding'a juu ya mji, vichochoro vya kahawa na migomba ambavyo akina mama wameviponda kwa nyayo zao miaka yote hiyo. Waongozaji karibu wote ni wanaume, na baiskeli zao nyingi zimepimwa kwa urefu wa wanaume. Kwa hiyo uliza mapema: je, kuna fremu fupi? Siti inashuka? Yupo mwongozaji wa kike, au kundi la wanawake watupu? Wakiulizwa na wanawake 20 watatafuta jibu. Biashara ndivyo ilivyo.

Vaa suruali pana chini ya kanzu inayofika magotini, mtandio wa pamba uliobanwa usipepee, helmeti juu yake. Jifunze kwanza uwanjani, breki ya nyuma kabla ya ya mbele. Mlima usikutishe, kwani gia ndogo humpandisha hata asiye na nguvu nyingi, polepole, mradi asione haya kushuka na kusukuma. Epuka Machi hadi Mei, tope la Meru ni jeusi na linateleza. Anayekwenda fungate Juni au Julai achukue sweta nzito, na amwambie bwana harusi mapema kuwa baiskeli zitakuwa mbili.