Mbio za Mpokeaji Mpira

Msomaji, huenda umepata kusoma habari za Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo mwaka 1964, kwa kuwa huko ndiko Wilson Kiprugut alikoipatia Kenya medali yake ya kwanza, ile ya shaba katika mbio za mita 800. Katika michezo hiyo hiyo Mmarekani mmoja, Bob Hayes, mzaliwa wa Florida, alishinda mbio za mita 100 kwa sekunde 10.0, akaifikia rekodi ya dunia. Kisha katika mbio za kupokezana alikabidhiwa kijiti hali wenzake wameachwa nyuma na timu kadhaa, naye akawapita wote kabla ya kufika kwenye utepe. Baada ya hayo Hayes aliacha riadha, akaenda kucheza mpira wa Kimarekani kwa malipo katika timu ya Dallas Cowboys. Je, mbio za namna hiyo zaifaa nini timu inayoshambulia? Swali hilo liliulizwa siku zile, na waalimu wa mchezo huo wangali wakiligombania mpaka leo.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana si ule tuujuao sisi. Mpira wake umechongoka ncha zote mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa mguu. Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli mmoja hata wa pili, na upana wa yadi 53 na kitu. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine, na ikishindwa mpira huwa wa wapinzani. Zamani mpira ulisukumwa mbele kwa vifua na mabega tu, wachezaji wakaumizana hata wengine wakafa, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wajumbe wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton ili washauriane nao. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, ikawa ruhusa kuurusha mpira mbele hewani. Tangu hapo mchezo ukapata watu wawili ambao ndio tunaowazungumzia hapa: mrushaji, anayesimama nyuma ya wenzake, na mpokeaji, anayekimbia kwenda mbele ili audake.

Hayes hakuwa mgeni wa mchezo huu, kwa maana alikuwa ameucheza chuoni Florida A&M. Mwaka 1965, ambao ulikuwa wake wa kwanza Dallas, alidaka mipira 46 na kupata yadi 1,003, yaani zaidi ya yadi 21 kwa kila mpira. Mwaka uliofuata alipata yadi 1,232, na timu yake, ambayo mwaka 1965 ilikuwa imeshinda mara saba na kushindwa mara saba, ikashinda mara kumi na kufika kwenye mchezo wa kugombea ubingwa.

Lakini hesabu ya mipira aliyoidaka haitoshi kuonyesha kazi aliyoifanya. Tazama jambo hili kwa upande wa walinzi. Mlinzi aliyepangwa kumkabili mtu wa kawaida aweza kusimama karibu naye, kwa kuwa akipitwa hatua moja ana tamaa ya kumfikia tena. Akimkabili Hayes hana tamaa hiyo. Basi hurudi nyuma yadi kadhaa kabla mchezo haujaanza, naye mlinzi wa mwisho, ambaye kazi yake ni kuchunga nyuma ya wote, husogea upande ule ule ili kumsaidia. Watu wawili sasa wanamchunga mmoja. Kila timu ina wachezaji kumi na mmoja uwanjani; ukiwaondoa wawili kwa ajili ya mtu mmoja, pengo lazima lionekane mahali pengine, na wenzake Hayes walilipitia pengo hilo kwa miguu yao ya kawaida. Ndiyo maana nasema kwamba mbio za mpokeaji hufanya kazi hata katika mchezo ambao mpira haukumfikia. Zile hatua zilizowashinda Wamarekani wenzake na dunia nzima katika Tokyo, huku zilikuwa zimegeuka kuwa hofu, na hofu ya adui ni mali ya timu.

Hata hivyo hofu ni kitu chepesi kupotea. Tarehe 31 Desemba 1967 Dallas walicheza na Green Bay huko kaskazini, kugombea ubingwa, katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Hayes, mtu wa Florida, aliingiza mikono yake ndani ya suruali kila mara alipojua kwamba mpira hautarushwa kwake, na kuitoa alipojua kwamba huenda ukaja. Walinzi wa Green Bay wakatambua. Siku ile alidaka mipira mitatu tu kwa yadi 16, na timu yake ikashindwa kwa alama 21 kwa 17. Miguu yake ilikuwa ile ile. Kilichoondoka ni shaka iliyokuwa ikiwasumbua walinzi.

Wenye timu walipoona mafanikio ya Hayes, walidhani wamegundua njia ya mkato. Jimmy Hines alishinda mita 100 huko Mexico mwaka 1968 kwa sekunde 9.95, akachukuliwa na Miami Dolphins. Alikuwa mwepesi kuliko Hayes kwa saa, lakini mikono yake haikuwa rafiki wa mpira. Mwaka 1969 alidaka mipira miwili tu, na baada ya muda mfupi mchezo ukamwacha. Wanafunzi wangu, ambao huamini kwamba kila jambo la michezo huamuliwa na miguu, hukisikia kisa hiki kwa huzuni kidogo. Lakini mlinzi si mjinga: akijua kwamba huyu hawezi kudaka, humwacha akimbie apendavyo, na mbio zake huwa kama za mtu aliye peke yake kiwanjani.

Wakati ule ule palikuwa na mtu mwingine aliyelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Bill Walsh alikuwa mwalimu msaidizi katika timu ya Cincinnati. Mrushaji wake kijana, Greg Cook, mwenye mkono wa nguvu, aliumia bega mwaka 1969, na mahali pake pakashikwa na Virgil Carter, ambaye hakuweza kurusha mbali lakini alilenga vizuri. Walsh hakulia juu ya mkono uliopotea. Aliwapanga wapokeaji wake wakimbie njia fupi, kulia na kushoto, kwa hatua zilizohesabiwa, naye mrushaji auachie mpira kabla mpokeaji hajageuka, ili ukutane naye mahali palipoagizwa. Mbio ndefu hazikuhitajika sana hapo. Ilihitajika saa moja katika vichwa viwili. Walsh aliipeleka elimu hiyo San Francisco, akashinda nayo ubingwa mara tatu, katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1982, ya 1985 na ya 1989.

Huko San Francisco alimpata Jerry Rice mwaka 1985. Wachezaji 15 walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kabla yake, na sababu mojawapo ilisemwa kuwa ni saa: hakuonekana mwepesi katika mbio za yadi 40, ambazo Wamarekani huwapima vijana wao kwazo. Baba yake alikuwa mwashi, na Rice alijizoeza mikono kwa kudaka matofali aliyorushiwa kazini. Alipoacha kucheza alikuwa amedaka mipira 1,549 na kupata yadi 22,895, na hakuna aliyemfikia mpaka sasa.

Sasa na tuihesabu hiyo saa yenyewe. Mpokeaji aliyekwisha kupamba moto huenda kiasi cha yadi tisa au kumi kwa sekunde. Kwa hiyo anayemaliza yadi 40 kwa sekunde 4.4 humwacha wa sekunde 4.6 kwa yadi mbili hivi. Yadi mbili si haba. Zatosha mpira kupita juu ya mkono wa mlinzi. Lakini mpokeaji mwerevu aweza kuzipata yadi hizo hizo kwa kugeuka ghafla wakati mlinzi ameegemea upande mwingine. Na mchezo mmoja mmoja aghalabu humalizika kabla mtu hajatimiza yadi 40 za kukimbia moja kwa moja.

Mwaka 2017 ulitoa mfano ambao mwalimu hawezi kuuacha. John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya upimaji ule kwa wakati huo, na Cincinnati wakamchagua wa tisa. Cooper Kupp, aliyetumia sekunde 4.62, alichaguliwa wa 69 na timu ya Los Angeles Rams. Ross hakudaka hata mpira mmoja mwaka wake wa kwanza, na hakupata kuwa tegemeo la timu. Kupp, mwaka 2021, aliwashinda wote kwa idadi ya mipira, kwa yadi na kwa kufikisha mpira kwenye eneo la goli, kisha akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa fainali ya Februari 2022. Timu waliyoishinda siku ile ilikuwa Cincinnati.

Je, mbio ni bure basi? Mimi sikubali. Machi 2022 Kansas City walimwacha Tyreek Hill, mpokeaji aliyeogopwa kwa wepesi wake kuliko wote, aende Miami. Huko alipata yadi zaidi ya 1,700 katika kila mwaka wa miwili iliyofuata, na Kansas City bila yeye wakashinda Super Bowl ya Februari 2023 na ya Februari 2024. Ungedhani wangetosheka. Lakini baada ya ushindi wa pili walimchagua kijana Xavier Worthy, ambaye karibu miezi miwili kabla alikuwa ameivunja rekodi ya Ross kwa sekunde 4.21. Walinzi walikuwa wamewasogelea mno, nao walitaka tena mtu wa kuwarudisha nyuma. Katika fainali ya Februari 2025 Worthy alipata yadi 157 dhidi ya Philadelphia. Alipofikisha mpira kwenye eneo la goli kwa mara ya kwanza, Philadelphia walikuwa wakiongoza kwa alama 34 kwa sifuri.