Maji ya Marenga Mkali

Ndugu msomaji, umekuta maji porini na koo limekauka. Utamwuliza nani kama yanafaa? Wengi wetu tutayauliza macho, halafu ulimi. Mimi niliwauliza hao wawili siku moja nikiwa mwanafunzi, kwenye kijito kiangavu kama kioo. Tumbo likaniendesha juma zima. Tangu hapo kisa cha Marenga Mkali hakinitoki kichwani.

Marenga Mkali ni pori kavu kwenye njia ya zamani ya misafara, ukishaipita Mpwapwa kuelekea Ugogo. Maana ya jina ni maji machungu. Wapagazi walilijua pori hilo. Walijaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala njiani pasipo maji, alfajiri wakaendelea. Mwendo wa namna hiyo waliuita terekeza.

Mei 1871 akafika Stanley, mwandishi wa gazeti, akimtafuta Livingstone. Alipiga kambi Chunyo, ukingoni mwa pori. Wenyeji na Waarabu waliyanywa maji ya pale bila wasiwasi, ila wanyama wao wa mizigo waliwazuia wasiyanywe. Bwana mkubwa hakupata habari hiyo mapema, akanywesha punda wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, hazikutimia siku 5 baada ya kuondoka pale, punda 5 kati ya 9 walikuwa wamekufa, tena wale wenye afya kuliko wote. Jamani, na onyo lilikuwa ndani ya jina la mahali!

Lakini tusiyasifu majina ya wazee kupita kiasi. Jina hutunza habari za chumvi, kwa sababu chumvi ya ardhini haihami. Uko uchafu unaosafiri na watu. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, akakifuatilia nyuma hadi kwenye misafara ya bara. Kitabu chake kilitoka 1876. Ugonjwa kama huo ukiingia kisimani, maji hayabadiliki ladha wala rangi. Ulimi unanyamaza kimya. Ilikuwa mpaka 1884 ndipo Robert Koch, akiwa Calcutta, akamkuta kijidudu chake katika bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa.

Moto humwua kijidudu huyo. Sasa chemsha maji ya chumvi uone: mvuke unapaa, chumvi inabaki, uchungu unazidi. Basi maswali ni mawili, sio moja. Ardhi imetia nini humu? Na nani yuko juu ya mto? La kwanza waulize wenyeji. La pili hata mwenyeji hana hakika nalo, kwa hiyo washa moto.

Siku ile kijitoni, hatua chache tu upande wa juu, palikuwa na mzee ananywesha mbuzi. Nilimwona. Hata shikamoo sikumpa.