Marisau na mbano wa mtutu katika uwindaji wa kanga

Marisau ni chembe za madini ya risasi zinazofyatuliwa kwa pamoja na bunduki ya kuwindia ndege; mbano ni wembamba wa mdomo wa mtutu unaozichelewesha zisitawanyike. Katika vichaka vikavu vya Garissa, nchini Kenya, kuna kanga tumbusi (*Acryllium vulturinum*), anayeishi kwa makundi na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Marufuku ya uwindaji ya 1977 haikuwagusa ndege wa kuwindwa, ambao wakati huo walibaki chini ya leseni. Bunduki nayo huhitaji cheti.

Kwa kijana anayejifunza, uzito wa marisau ndio jambo la kwanza kuamuliwa. Gramu 24 hadi 28 katika mtutu wa namba 20 (milimita 15.6) zinamfaa kuliko mzigo mzito wa namba 12 (milimita 18.5). Hoja ya kwamba chembe nyingi huua kwa uhakika zaidi ni ya kweli, ila tu zikifika shabahani: mzigo mzito hupiga bega, na bega linaloogopa kupigwa huupotosha mtutu kabla ya mlio. Bunduki nyepesi mno nayo hupiga bega zaidi kwa mzigo uleule. Wengine hutaka mbano mkali kabisa, ambao kwa mita 37 hukusanya takriban asilimia 70 ya chembe ndani ya duara la sentimita 76. Lakini mbano hauongezi nguvu. Kwa mita 20 mtawanyiko wa chembe huwa mdogo mno, na kosa dogo la kulenga humkosa ndege au, akipatwa, chembe huharibu nyama yake; mbano wa kati, wa asilimia 60 hivi, humwachia mwanagenzi nafasi.