Kwa nini keke haikuhitaji parafujo

Husemwa kuwa ufundi wa mashine uliingia Mombasa pamoja na reli, mwaka 1896, na kwamba kabla ya hapo kisiwa kilikuwa na maseremala, wahunzi na wajenzi wa vyombo, lakini hakikuwa na watu waliojua habari ya kitu kizungukacho. Lugha yenyewe inakataa. Mswahili hakungoja fundi wa reli amfundishe kukereza. Neno hilo ni la waliokuwa wakitengeneza matendegu ya vitanda kwa kuuzungusha mti na kuukata kwa patasi. Hakungoja pia kupewa jina la mhimili unaobeba chombo cha kukatia, ambao mafundi wa leo huuita spindeli. Katika keke, zana ya seremala ya kutobolea, mhimili huo ni msukano. Hoja yangu ni kwamba fundi wa pwani aliijua vizuri kazi ya mzunguko, na kwamba kukosekana kwa hesi, yaani mfuo unaozunguka parafujo, katika zana zake kulitokana na namna zana hizo zilivyokwenda. Haikuwa ishara ya kubaki nyuma.

Tuitazame keke kwa karibu. Kijembe cha chuma hupachikwa kwa nguvu katika kipande cha mti cha mviringo, ndio msukano. Kichwa cha msukano huzunguka ndani ya jivu, yaani kishikio ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja ili kijembe kiume. Uzi wa uta huviringishwa kwenye msukano, na fundi anapousukuma na kuuvuta uta, msukano huzunguka kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inaieleza zana hii kiungo kwa kiungo. Tundu za milango ya Mji wa Kale na za mbao za vyombo zilitobolewa hivyo. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, ulihitaji tundu zisizo na idadi.

Sasa tuchukue mashine ndogo ya kuchongea chuma, ya kuwekwa mezani, ambayo watu hununua kwa ajili ya kazi zao za nyumbani. Nyingi kati ya hizo zina hesi iliyokatwa nje ya ncha ya spindeli, na taya za kushikia au kichwa cha kukatia hufungwa juu yake kama nati kwenye bolti. Hesi ni ya kulia. Mashine inapozunguka upande wake wa kawaida, ukinzani wa chuma kinachokatwa huzidi kukaza kifaa. Ukiirudisha nyuma, ukinzani uleule hukifungua, na kifaa chaweza kuchomoka kikiwa katika kasi. Hata kuisimamisha ghafla kwaweza kukilegeza, kwa kuwa uzito wa kifaa hutaka kuendelea kuzunguka. Ndiyo maana huonywa kwamba mashine ya hesi haiendeshwi kinyume ikiwa na mzigo. Na keke je? Keke huenda kinyume kila uta unaporudi, mara kadhaa kwa pumzi moja. Kijembe kilichofungwa kwa hesi kingekaza uta ukienda na kulegea ukirudi. Kukipachika kwa kukibana ndiko kulikostahimili mwendo wa pande mbili.

Atakuja mtu na kusema kwamba fundi huyo hakuchagua chochote: hesi hakuwa nayo, basi akatumia alichopata. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Lakini tuliangalie neno parafujo. Limetoka katika Kireno, kama meza na bendera, na Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 wakaishikilia hadi 1698. Bunduki za zama zile zilizibwa nyuma ya mtutu kwa kizibo chenye hesi. Nakubali kwamba neno peke yake halina tarehe, na huenda lilifika baadaye kwa mdomo wa wafanyabiashara. Hata hivyo hoja haisimami juu ya Wareno pekee. Kamusi ile ya Johnson ilitoka miaka 43 baada ya ujenzi wa reli kuanza, misumari ya hesi ikiwa imejaa madukani, na bado keke imo ndani yake kama zana ya seremala. Fundi aliyekuwa na parafujo mkononi aliendelea kuufunga mti kwa parafujo na kukifunga kijembe bila parafujo.

Basi reli ilileta nini? Ilileta mashine zinazozunguka upande mmoja tu kwa muda mrefu, na ilileta mapatano ya vipimo. Hili la pili ndilo kubwa. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza Uingereza nzima ikate hesi za aina moja, zenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza nyuzi 60 kwa Marekani. Reli hiyo, ndiyo Reli ya Uganda, ilinunua vichwa vya treni Uingereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa pia na vya Baldwin, kiwanda cha Philadelphia hiyohiyo, kwa hiyo Kilindini ilipokea mitambo ya nchi mbili ambazo viwanda vyake havikuwa vimepatana. Tofauti ilionekana mkononi. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani ina 13. Nati huingia, huzunguka kidogo kana kwamba imekubali, kisha hugoma, na anayeilazimisha huharibu zote mbili. Ilichukua vita kuu ya pili kuzisukuma Uingereza, Marekani na Kanada kuafikiana, mwaka 1948.

Miaka mitatu baadaye, 1951, chuo cha elimu ya Kiislamu cha Mombasa, MIOME, kule Tudor kilianza kupokea wanafunzi. Hicho ndicho chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Vijana wa Kiislamu wa pwani walikwenda huko kusomea ufundi, na ni haki kuwahesabu katika ukoo mmoja na wakereza wa matendegu, ingawa vitabu vya historia huwaanzisha ukurasa mpya.

Mapatano yale ya hesi ya 1948 hayajafika kila mahali. Spindeli ya Sherline, mashine ndogo ya mezani ya Marekani, ina kipenyo cha robo tatu ya inchi na hesi 16 kwa inchi. Unimat 3 ya Austria ina milimita 14 na hatua ya milimita 1. Kifaa cha moja hakikai kwenye nyingine bila kipande cha kuunganishia. Hata kinapolingana, hesi huvuta tu: kinachokiweka sawa ni bega la spindeli, na chembe moja ya chuma iliyobanwa hapo hutosha kukifanya kiyumbe. Ndani ya spindeli hiyohiyo ya Sherline, nyuma ya hesi, kuna tundu linalosinyaa kuelekea ndani, la kipimo cha Morse. Kifaa chenye shina la umbo hilo huvutwa humo kikakazwa kwa kubanwa, kama kijembe katika msukano, na hapo mashine ikizunguka kulia au kushoto hakuna kinachofunguka.